Siku 6 na Bildi ya Ami: Tanga hadi Bagamoyo kwa Matanga

Siku ya 1: Tanga

Boti ni ya binti ami yangu, ninayemwita Dada. Ina urefu wa mita 11, mwili wa faiba, mlingoti mmoja, na inazama majini pima moja kamili, yaani futi 6. Aliinunua mwaka jana kwa mgeni aliyechoka na bahari, na nia yake ni kuihamishia Bagamoyo ichukue wageni wa matembezi. Mimi ni fundi. Miaka 14 natengeneza injini na umeme wa vyombo hapa Tanga, vya wavuvi na vya wageni wanaotia nanga upande wa Ras Kazone, na hakuna waya ndani ya boti hii ambao haujapita mikononi mwangu. Nahodha wetu ni baba yake, Ami, aliyeendesha majahazi zaidi ya miaka 30. Amepakia boriti, nazi, chokaa na karafuu, Tanga na Pemba, Unguja na Dar es Salaam. Ndani ya boti ya faiba hajapata kulala hata usiku mmoja.

Naandika kwa sababu kuna ubishi nilioukuta tangu siku ya kwanza ya kazi hii na bado unaendelea kila wenye boti wanapokutana. Wako wasemao chombo cha matanga cha safari ndefu kiwe kama mashua: tanga, kamba, dira na nanga, basi. Wako wasemao kiwe na kila kitu ambacho nyumba ya mjini inacho. Mimi riziki yangu iko kwa hawa wa pili, na siku zote nimewatetea. Safari hii imenifanya niupime upya ubishi wenyewe.

Asubuhi nzima tulipakia. Dada alikuwa na orodha mkononi akiweka alama: friji ya volti 12, otopailoti ya kushika usukani, mashine ya nanga, kipima kina, skrini ya ramani, redio ya VHF, AIS ya kuonyesha meli, pampu ya maji ya bomba, pampu ya ngama (tumbo la chombo yanapokusanyika maji), inveta ya kuchajia simu. Nyuma kuna paneli 2 za sola, wati 100 kila moja. Mashine ya kugeuza maji ya bahari kuwa ya kunywa niliing'oa mimi mwezi wa Desemba. Mashine ile inasukuma maji ya chumvi kwenye utando mwembamba kwa mgandamizo unaofika bar 55 hivi, na ikikaa wiki kadhaa bila kusuuzwa kwa maji baridi utando unaoza. Huu ulikuwa umekaa miezi. Bei ya utando mpya ingenunua madumu ya maji ya kutosha mtaa mzima. Tukapakia madumu 8.

Ami alifika adhuhuri na kikapu cha ukindu. Nilimwamkia, nikampokea kikapu, nikakitua sitahani. Ndani mlikuwa na chemli, upo wa kufulia maji uliochongwa kwa mti, kisu, mkeka, na bildi yake. Wasiowahi kuiona bildi: ni risasi yenye uzito wa kilo 3 hivi, nene kama mchi wa kutwangia iliki, imefungwa kamba ya katani. Kamba ina alama kila pima. Pima ya kwanza kipande kimoja cha ngozi, ya pili ngozi mbili, ya tatu kitambaa cha pamba, ya nne fundo, ya tano kitambaa cha sufu. Zimetofautishwa hivyo ili usiku wa giza vidole vizisome. Kitako cha risasi kina kishimo, na ndani ya kishimo Ami hujaza shahamu.

"Baba, kipima kina tunacho," Dada alisema.

"Najua, mwanangu. Na hii nayo haitakosa pa kulala."

Kisha akaizunguka boti kimya kimya. Skrini hakuigusa. Swali lake lilikuwa moja, na aliniuliza mimi: "Chombo hiki kina matundu mangapi chini ya maji?"

Sikuwa na jibu la papo hapo, na hilo lilinisumbua. Tukapiga magoti, tukainua mbao za sakafu, tukahesabu pamoja. Maji ya kupoza injini, choo kuingia, choo kutoka, sinki la jikoni, sinki la bafu, kipima kina, kipima mwendo, shafti ya rafadha (propela), nguzo ya usukani. Tisa. Jahazi la Ami halikuwa na hata moja. Lakini Ami ni mtu wa haki, na akaongeza mwenyewe kwamba jahazi huvuja kwenye kila ufa wa ubao, kila siku, na kila zamu ina mtu wa kufua maji ngamani. Unalijua kwa sababu linavuja mbele ya macho yako. Boti hii ngama yake ni kavu kama sahani mpaka siku mpira mmoja utakapochomoka. Tundu la milimita 38 lililo nusu mita chini ya maji huingiza zaidi ya lita 100 kwa dakika, yaani ndoo 5 kubwa kila dakika. Pampu yetu ya ngama haiwezi hata nusu ya hiyo.

Jioni nikachonga vizibo vya mti, kila kimoja kwa kipimo cha tundu lake, nikavifunga kwa uzi pembeni ya kila vali. Ilikuwa kazi ya saa mbili, na katika miaka yangu 14 hakuna mteja hata mmoja aliyewahi kunituma kuifanya.

Siku ya 2: Tanga hadi Ushongo

Tuling'oa nanga saa 11 alfajiri. Injini dakika 20 tu, tukakipita Kisiwa cha Toten, kisha umande, upepo wa alfajiri utokao bara, ukatosha kujaza matanga. Mnara wa taa wa Ulenge ukabaki nyuma. Kaskazi ilifika kama saa 5, ikiwa imevuta sana upande wa matlai, yaani mashariki, na boti ikaamka. Fundo 6, maji ya buluu, samaki warukao wakitawanyika mbele yetu.

Saa 6 otopailoti ikaanza kuyumba. Digrii 20 kulia, digrii 20 kushoto, kama mtu anayesinzia. Nikafungua kila kitu: viunganishi, fyuzi, mkanda wa mota, volti. Saa nzima. Mwisho nikakumbuka kwamba otopailoti ina dira yake ya umeme, imefungwa ndani ya kabati chini ya kitanda, na dira yoyote huchanganywa na chuma. Nikafungua kabati. Pembeni ya ile dira lilikuwa boksi langu la spana, nililolitia mimi mwenyewe alfajiri ili lisiteleze. Nikalitoa. Otopailoti ikapona pale pale.

Kitu nilichokikuta sitahani baada ya saa hiyo nzima ndicho nataka kukieleza vizuri. Ami hakuwa ameshika usukani. Alikuwa amelala juu ya mkeka, na boti ikienda yenyewe, imenyooka. Alichukua demani, kamba ya kukazia tanga, ya tanga la mbele, akaizungusha kwenye kapi upande wa upepo, akaifunga kwenye kana, ule mkono wa usukani. Upande wa pili wa kana alifunga kipande cha tyubu ya baiskeli. Upepo ukizidi, boti hutaka kupanda upepo, lakini upepo huo huo huvuta demani, demani huvuta kana, na kichwa kinarudi. Upepo ukipungua, tyubu inarudisha kana mahali pake. Nguvu inayoipotosha boti ndiyo inayoirudisha njiani. Nilikaa nikaitazama demani ikipumua, ikivuta na kulegea kwa upana wa vidole vitatu, na nikakiri moyoni kwamba sijawahi kufunga mtambo wenye akili kama ule.

Mchana ulikwenda vizuri. Tulikiona Kisiwa cha Maziwe kwa mbali, mstari wa mchanga mweupe juu ya maji. Ami amekijua kikiwa na mivinje na kasa wakipanda kutaga. Sasa miti hakuna, na bamvua kubwa, maji makuu ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo, huufunika mchanga wote. Alikitazama mpaka kikapotea, hakusema neno.

Tulitia nanga mbele ya Ushongo, pima 4, mchanga. Mwezi mpevu. Tulikula samaki wa changu na wali, soda baridi kutoka kwenye friji, taa zinawaka, simu tatu zinachajiwa. Dada alifurahi sana usiku ule na alikuwa na haki ya kufurahi.

Siku ya 3: asubuhi ya Ushongo

Niliamshwa na kimya. Friji haikuwa ikinguruma.

Ilikuwa saa 12 kasoro. Maji yalikuwa yamejaa saa 10 alfajiri na sasa yanakupwa, na kwa bamvua maji ya pwani hii hushuka zaidi ya mita 3. Nje yetu kulikuwa na mafungu ya miamba tuliyoyapita jana jioni juu ya maji mengi. Kila nusu saa tutakayokaa, njia inazidi kuwa nyembamba.

Nikabonyeza stata. Ta-ta-ta-ta. Hakuna kingine. Nikaweka mita kwenye betri: volti 11.3. Betri nzima ya risasi na asidi ikipumzika husoma 12.7, na ikifika 12.2 imebaki nusu na inatakiwa iachwe hapo. Zetu zilikuwa zimekauka. Mashine ya nanga, kimya. Kipima kina na skrini, giza. Mashine ya nanga ina mkono wake wa kuizungusha bila umeme, nikaukimbilia, nikaukuta umegandishwa na chumvi kwa sababu tangu boti inunuliwe hakuna aliyewahi kuugeuza.

Nilipopanda sitahani na habari hizo, Ami alikwishaanza kufungua kamba za tanga. Hakuniuliza tatizo ni nini. Aliuliza kitu kimoja, tuna mnyororo kiasi gani chini.

Nanga ina kilo 20, na mnyororo wa milimita 10 una kilo 2 na zaidi kidogo kwa kila mita. Ukiwa umesimama juu ya nanga kwenye mita 7 za maji, unavuta kama kilo 36 zinazoning'inia. Si mzigo wa kuwashinda watu wawili, ila usishindane na chombo. "Vuta ikiinama! Shika ikipanda!" Ndivyo tulivyofanya, mimi na yeye, kila wimbi likiinamisha pua ya boti tunajinyakulia nusu mita, likiipandisha tunauzungusha mnyororo kwenye nguzo na kuuacha mwili wa boti wenyewe uing'oe nanga. Ikachomoka. Dada alishika kana. Umande ulitoka bara, mwepesi lakini wa kutosha, na tanga la mbele tulilishika kinyume mpaka kichwa kikageukia baharini.

Ami akaenda mbele na bildi. Alisimama ameegemea kamba za mlingoti, akairusha risasi mbele, akaiacha izame, na pale boti ilipofika juu yake akaikaza kamba na kusoma alama kwa kidole gumba.

"Pima tatu na nusu! Mchanga!"

Kila alipoivuta aligeuza kitako cha risasi na kutazama shahamu. Chembe nyeupe zimenata: mchanga. Anasugua kwa kidole, anarusha tena.

"Pima tatu! Mchanga!"

Boti yetu inazama pima moja, kwa hiyo hesabu ilikuwa nyepesi hata kwa mtu mwenye hofu. Dada alikuwa ameishika kana kwa mikono miwili na midomo yake inakwenda, nadhani alikuwa akisoma dua.

"Pima mbili na nusu!" Kisha kimya kifupi. Shahamu ilirudi tupu, imekwaruzwa kama iliyopitishwa kwenye mbuzi ya nazi. "Mwamba! Kushoto, mama, kushoto!"

Aligeuza. Nilivuta demani mpaka viganja vikawaka moto. Upande wa kulia niliona rangi ya maji imebadilika kuwa kahawia, karibu kiasi cha kurusha kofia. Risasi ikaenda tena.

"Mbili na nusu! Mwamba bado. Shika hapo hapo." Ikaenda tena. "Tatu! Mchanga. Nne! Mchanga, mwanangu, mchanga!"

Kipima kina chetu, hata kingekuwa kinawaka, kingetupa tarakimu tu. Kilichomfanya Ami ageuze mapema ni ile shahamu iliyorudi tupu, iliyomwambia ameingia juu ya mwamba wakati maji yalikuwa bado mengi.

Tulipofika maji mapana nilikaa chini na karatasi, kwa sababu nilikuwa na la kueleza. Betri zetu 2 ni amperi-saa 200 kwa pamoja, ndicho kipimo cha umeme zinaoweka, na kinachoruhusiwa kutumika ni nusu, 100. Friji huvuta amperi 5 ikinguruma, na kwa joto la Februari inanguruma nusu ya siku nzima: 60. Otopailoti, 30 na kitu. Skrini, redio, taa, inveta, simu: 25 au zaidi. Tayari tumepita. Sola ilitakiwa irudishe 60, lakini tulikuwa tunakwenda kusini na upepo wa matlai, matanga yamefunguliwa upande wa magharibi, na tangu saa 8 mchana kivuli cha tanga kilizilalia paneli. Kivuli kinachofunika kipande kidogo cha paneli kinaweza kuua sehemu kubwa ya umeme wake. Na betri zenyewe ni za zamani.

Hayo yote ni uzembe wa kawaida. La kwangu ni hili. Boti hii ilikuwa na betri yake ya tatu, ndogo, ya kuwashia injini peke yake. Ilikufa Januari. Dada aliomba niunganishe injini kwenye betri kubwa mpaka fedha ipatikane, nami nikakubali. Fundi anatakiwa akatae. Kuwasha injini ile kunahitaji amperi 200 kwa sekunde 3, ambazo hazifiki hata robo ya amperi-saa moja. Yaani injini ilikosa kijiko kimoja cha umeme kwa sababu niliiweka kwenye sinia moja na friji, na friji ilikula usiku kucha.

Nilimwambia Dada hivyo hivyo. Alinyamaza, kisha akasema, "Tulikubaliana wote wawili, Kaka."

Mchana tulivuka kwa kaskazi nzuri hadi mbele ya Mkwaja, na humo njiani wao wawili wakabishana. Ami alisema vifaa hivi vyote avitoe. Dada akampa jibu ambalo bado nalifikiri. "Baba, jahazi lako lilikuwa na mabaharia saba. Wa kuvuta jarari, wa kufua maji, wa kupika, wa kukesha. Mimi nitakuwa na mmoja, na siku nyingine nitakuwa peke yangu na wageni wasiojua kushika kamba. Otopailoti ndiye baharia wangu."

Ami hakujibu mpaka tulipotua tanga. Kisha akasema ni kweli, jahazi lilikuwa jepesi kwa sababu watu walikuwa wengi.

Siku ya 4: Mkwaja

Tulipumzika, friji imezimwa, tukiliacha jua lifanye kazi. Tulinunua samaki kwa wavuvi waliopita, chombo chao kikisukumwa na injini ya silinda moja ya kuzungusha kwa hendeli, jamaa ya zile za kusaga na za kumwagilia. Haina stata wala betri. Nilimwomba kijana wao aizime na kuiwasha tena mbele yangu, akafanya kwa mizunguko minne.

Niliutumia mchana kuchora. Kila kifaa nilikitia kwenye duara, kisha mshale kwenda kwa kile ambacho kifaa hicho hukitegemea ili kifanye kazi. Friji kwa betri. Otopailoti kwa betri. Nanga kwa betri. Injini kwa betri, na betri kwa injini, kwa sababu altaneta, mtambo wa umeme unaozungushwa na injini, ndiyo inayochaji kwa uhakika kuliko sola. Mishale yote ilikusanyika mahali pamoja kama nzi kwenye tone la asali. Vifaa vichache vilikaa pembeni bila mshale: redio ndogo ya mkononi ya VHF yenye betri yake mwenyewe, dira ya kimiminika iliyopo mbele ya usukani, chemli, bildi. Tangu hapo naiona boti kwa mchoro huu. Hesabu ya vifaa haikunitisha tena. Kilichonitisha ni kwamba kumi kati yao walikuwa wanaishi au kufa pamoja.

Saa 10 jioni betri zilisoma 12.4. Injini ikawaka kwa mguso wa kwanza. Niliiacha iungurume saa moja na nusu ili ichaji, kisha tukatweka matanga kuvuka usiku hadi Bagamoyo.

Usiku ulikuwa wa mbalamwezi na upepo wa kusuasua. AIS ilionyesha meli moja kubwa upande wa mkondo wa Unguja, jina lake, mwendo wake, na kwamba itatupita mbali, na Ami akakikubali kifaa hicho kwa moyo mweupe. Alisema wangekuwa nacho zamani asingekesha usiku mwingi kiasi kile. Lakini skrini hiyo hiyo haikuonyesha mashua mbili zilizotupita karibu, kwa kuwa AIS huona tu chombo chenye kujitangaza kwa AIS. Mmoja wao aliwasha tochi, akaielekeza kwenye tanga lake. Sisi tukainua chemli.

Kama saa 3 usiku nyota ya Suheli ilikuwa juu mbele yetu, kusini, na Dada akakumbuka kisa alichokisoma. Mwaka 1968 Mwingereza Robin Knox-Johnston aliondoka Falmouth peke yake, kwenye mashindano ya Golden Globe, kuizunguka dunia bila kutia nanga popote. Chombo chake kilikuwa na futi 32, kimejengwa Bombay kwa msaji. Redio ikamfia. Maji ya kunywa kwenye matangi yakaharibika, akakinga ya mvua. Usukani wa upepo ukavunjika alipofika upande wa Australia, akaendelea kwa kuyapima matanga mpaka chombo kijishike chenyewe. Vyombo 9 viliingia mashindano, akafika yeye tu, Aprili 1969, baada ya siku 312.

"Na chombo kiliitwaje?" Ami aliuliza.

"Suhaili."

Ami aliinuka akakaa. "Suheli? Hii?" Akainyooshea kidole nyota. Dada akasema ndiyo, jina ni hilo hilo. Mzee akacheka kwa furaha nisiyoiona kwake miaka mingi, akaomba asimuliwe tena tangu mwanzo, hasa pale usukani ulipovunjika.

Siku ya 5: Bagamoyo

Alfajiri kulikuwa na ukungu wa joto na pwani haionekani. GPS ilitupa mahali tulipo. Ami hata hivyo alitupa bildi, akaiinua, akamwita bintiye amtazame kitako cha risasi. Hakukuwa na mchanga. Ilikuwa tope laini, ya kijivu, inayonuka majani yaliyooza.

"Onja," alimwambia.

Dada akagusa kwa ncha ya ulimi.

"Huo ni Wami. Mto unaleta bara mpaka huku. Mbele kidogo utakuta Ruvu, tope yake ni ya namna hii hii, na ukiikosa tope umekwishatoka nje mno."

Alimfanya arushe mwenyewe, mara 20 au zaidi, mpaka mabega yakamuuma. Alikosea kuhesabu ngozi na fundo, akarudia. Jua lilipoinua ukungu, minazi ya Bagamoyo ilikuwa pale ilipotakiwa kuwa.

Tulifika saa 5 na nusu, maji yamekupwa. Mashua na majahazi yalikuwa yamekaa mchangani wima na ubavu, wachukuzi wakitembea hadi ubavuni na kubeba mizigo begani. Chombo chenye mkuku, ule uti wa chini, unaozama pima moja hakina nafasi katika karamu hiyo. Tulitia nanga mbali sana, pima 3, na wageni wa Dada watalazimika kuletwa kwa mtumbwi kila siku ya Mungu. Hilo halimo katika orodha ya vifaa na hakuna fundi wa kulitengeneza. Dada alilitazama kwa muda mrefu.

Siku ya 6: Bagamoyo

Asubuhi tulikaa na ule mchoro wangu. Otopailoti inabaki, AIS inabaki, kipima kina kinabaki. Injini inapata betri yake na swichi yake, na hakuna kitakachounganishwa nayo hata fedha ikikosekana mwaka mzima. Mkono wa mashine ya nanga nimeulowesha mafuta na nimemwonyesha Dada kuuzungusha, atauzungusha kila Ijumaa. Kuhusu friji hatujakubaliana. Mimi nataka itoke, deli moja la barafu kutoka soko la samaki linatosha kwa matembezi ya siku moja. Yeye anasema mgeni anayelipa hataki kufukua soda kwenye maji ya barafu yenye mapezi. Kwa sasa ipo, imezimwa.

Ami ataondoka kesho kwa basi kurudi Tanga. Kikapu chake kina mkeka, upo, kisu na chemli. Bildi ameiacha imening'inia kwenye msumari karibu na ngazi, na kopo dogo la shahamu chini yake.

Betri niliipata mjini saa 6 mchana, amperi-saa 70, kilo 18. Maji yalikuwa yamekupwa tena, mtumbwi hauwezi kusogea. Nikaibeba begani, nikatembea mchangani, kisha majini, magoti, mapaja. Mbele yangu Dada alikuwa amesimama kwenye mtumbwi ananisubiri, na huku akisubiri anarusha risasi, anaivuta, anaigeuza kitako, na sauti yake inanifikia juu ya maji.

"Nusu pima! Mchanga!"